Mkuku Mpya wa Chombo Chepesi

Watu wa zama hizi wamezoea kupima maendeleo kwa ukubwa. Nyumba iliyoendelea ni ile iliyoongezwa ghorofa, na njia iliyoendelea ni ile iliyopanuliwa. Katika mambo ya kompyuta mazoea haya yamepata nguvu kupita kiasi. Kila toleo jipya la programu hutaka kumbukumbu nyingi kuliko lililotangulia, na prosesa yenye mbio zaidi, na diski pana zaidi. Na mwenye chombo cha miaka mingi huambiwa kwa adabu kwamba chombo chake kimezeeka, ijapokuwa vitufe vyake vinabonyea, kioo chake kinaonyesha, na moyo wake unapiga kama ulivyopiga siku kilipotolewa sandukuni. Kwa hiyo ni jambo la kutazamwa kwa makini pale watu wachache wanapokutana kuboresha kitu, kisha wakajiwekea sharti kwamba kitu hicho kisizidi uzito.

Kitu chenyewe huitwa Xfce. Ni eneokazi la kompyuta zinazoendeshwa na mfumo huria wa Linux na jamaa zake. Neno eneokazi lafaa kusimamiwa kidogo. Wasemao Kiingereza walipolitazama jambo hili waliona uso wa meza, na makaratasi yametandazwa juu yake. Kiswahili kimeiacha meza kikataja kazi, na katika hili Kiswahili kimekuwa karibu zaidi na ukweli. Eneokazi ni yale yote yanayosimama kati ya mtu na mashine: ukanda wenye menyu pembeni mwa kioo, madirisha yanayofunguliwa na kufungwa, folda za faili, saa, kitufe cha kuzimia. Si mfumo wa uendeshaji wenyewe, wala si programu ya kuandikia barua. Ni ukumbi ambamo programu hupokewa. Mtumiaji aghalabu halijui jina lake, kama msafiri asivyolijua jina la seremala aliyechonga mlango wa nyumba aliyolala.

Xfce ilianzishwa mwaka 1996 na Olivier Fourdan. Wakati ule mashine za Unix zilikuwa na eneokazi lao la kununuliwa, lililoitwa CDE, na Fourdan alitaka kuwapa watu wa Linux kitu cha kufanana nalo bila gharama. Alijenga juu ya maktaba ya kuchorea vitufe iliyoitwa XForms, na herufi za jina la kazi yake zilitokana na jina hilo. Chaguo hili lilimfungia mlango. XForms haikuwa programu huria. Ilikuwa bure kwa matumizi ya mtu binafsi tu, na msimbo wake haukuwa wazi. Alipotaka kazi yake iingizwe katika Linux ya kampuni ya Red Hat alikataliwa kwa sababu hiyo, na kukataliwa huko hakukuwa kwa dhuluma, maana walioamua walikuwa na kanuni nao waliishika. Mwaka 1999 Fourdan akaanza upya, safari hii juu ya maktaba huria iitwayo GTK. Jina likabaki na maana yake ikafutika. Leo herufi zile hazisimamii maneno yoyote, na alama ya eneokazi hili ni panya mdogo.

Basi tangu ujana wake Xfce imejua kubadilishiwa mkuku. Mkuku ni ule mti mrefu wa chini ambao taruma za jahazi hushikana nao, na fundi wa pwani atasema kwamba mbao hubadilishwa, foromali hubadilishwa, tanga hubadilishwa kila likichakaa, bali mkuku ukibadilishwa ni afadhali kuulizana kama chombo bado ni kile kile. Xfce iliandikwa upya kwa toleo la 4.0 mwaka 2003. Halafu ukaja uhamisho wa kutoka GTK ya pili kwenda GTK ya tatu, na hapo ndipo uvumilivu wa wengi ulipopimwa, kwa kuwa toleo la 4.12 lilitoka Februari 2015 na lile lililolifuata, la 4.14, halikuonekana mpaka Agosti 2019. Kwa miaka minne na nusu walikuwako waliodhani kwamba kazi imekufa. Toleo lilipofika, aliyelifungua alikuta ukanda ule ule, madirisha yale yale, na menyu mahali pake. Mtu mwenye haraka angeweza kuuliza miaka ile yote ilikwenda wapi. Ilikwenda chini, mahali pasipoonekana, na dalili ya kazi njema ilikuwa ni huko kutoonekana kwake.

Yuko mwalimu mmoja mstaafu mjini Tanga ambaye hakupata kulisikia jina la Fourdan, wala la GTK, naye ni mmoja wa wale ambao mabadiliko haya yanawahusu kuliko yanavyowahusu mafundi. Kompyuta yake aliinunua ikiwa imekwisha kutumiwa na mtu mwingine, na kumbukumbu yake ni gigabaiti 2, kiasi ambacho vijana wa leo hukitaja kwa kicheko. Ndani yake ameweka maneno. Kwa miaka kumi na mmoja amekuwa akienda kwa wavuvi na waunda vyombo, akiuliza, akisikiliza, akirudi nyumbani kuandika: majina ya nyavu na mitego, majina ya pepo na majira yake, sehemu za ngalawa na za jahazi kutoka mkuku hadi ncha ya foromali. Baadhi ya wale waliompa maneno hayo wamekwisha kufariki. Hana nakala nyingine ila ile iliyomo katika kijiti kimoja cha kuhifadhia faili, ambacho hukifunga katika kitambaa na kukitia kabatini.

Mfumo wa kwanza wa kompyuta ile ulifika mahali ukawa unaamka taratibu hata mwalimu akawa anaubonyeza, anakwenda kuchemsha maji ya chai, na anaporudi bado haujawa tayari. Mwanafunzi wake wa zamani, binti ambaye siku hizi hufundisha katika shule moja ya sekondari, ndiye aliyekuja na kumwekea Linux yenye Xfce. Kwa kuwa kadi ya michoro ya chombo kile ni dhaifu, binti aliingia katika mipangilio akazima vivuli vya madirisha na uangavu wake. Mwalimu hakuusifu uzuri wa kitu alichowekewa, maana haukuwa mwingi wa kusifiwa. Alisema tu kwamba sasa chombo ndicho kinachomsubiri yeye, wala si yeye anayekisubiri chombo.

Chini ya eneokazi la mwalimu huyu kuna mkuku uitwao X, na huo ndio unaobadilishwa sasa. X ulibuniwa mwaka 1984 katika chuo cha MIT huko Marekani, na sura yake ya kumi na moja, ambayo ndiyo inayotumika hata leo, ilitoka mwaka 1987. Ulibuniwa kwa ajili ya dunia ambamo kompyuta kubwa ilikaa chumba kimoja na watumiaji wakakaa chumba kingine wakiwa na vioo tu mbele yao. Kwa sababu hii kazi iligawanywa. Seva ya X hushika kioo, vitufe na kipanya. Programu huiomba seva iwachoree. Na programu nyingine ya pekee, ambayo yaweza kuitwa msimamizi wa madirisha, huamua dirisha gani likae wapi, lipi liwe juu na lipi liwe chini, na kila moja livikwe fremu ya namna gani. Katika Xfce msimamizi huyu huitwa xfwm4. Yeye si mwenye nyumba. Yeye ni mnyapara tu, na mwenye nyumba ni seva, ambayo maeneokazi yote ya Linux, makubwa kwa madogo, yaliitumia kwa pamoja.

Mpango huu ulikuwa na ukarimu mkubwa na ulikuwa na kasoro kubwa. Kasoro yake ni kwamba ndani ya nyumba ya X hakuna mlango kati ya chumba na chumba. Programu yoyote iliyokubaliwa kuingia inaweza kusikiliza vitufe vinavyobonyezwa kwa ajili ya programu nyingine, na kwa hiyo mchezo wa watoto una uwezo wa kulisoma neno la siri la benki. Mwaka 1987, katika vyumba vya chuo ambamo kila mtu alimjua mwenzake, hilo halikuwatisha wengi. Mwaka 2008 Kristian Høgsberg alianza kazi iitwayo Wayland, ambayo ni itifaki, yaani kanuni za mazungumzo, zenye shabaha ya kuurithi mkuku wa zamani. Katika Wayland kila programu hujichorea dirisha lake yenyewe, kisha humkabidhi picha hiyo mmoja anayeziunganisha picha zote kuwa sura moja ya kioo. Huyo huitwa kompozita. Yeye ndiye seva, yeye ndiye msimamizi wa madirisha, na yeye ndiye mpambaji. Kazi tatu zimekuwa za mtu mmoja. Programu husikia vitufe vyake tu, na vya jirani hazivisikii.

Mpaka hapa hakuna wa kulalamika. Walakini gharama ya mpango mpya haikuwaangukia wote sawasawa. Zamani mzigo mzito wa seva ulibebwa mara moja kwa ajili ya wote, na eneokazi dogo lilihitaji kuandika msimamizi wake tu, kazi ambayo watu wachache wa kujitolea wanaiweza. Katika Wayland seva ile ya shirika haipo tena. Kila eneokazi lazima liunde kompozita yake, ama liazime ya mwingine. GNOME na KDE, yaliyo maeneokazi makubwa, yana wafanyakazi wanaolipwa mishahara na kampuni. Xfce ina watu ambao wengi wao huifanya kazi hii jioni, baada ya kazi nyingine inayowalisha. Hii ndiyo sababu wakubwa walikwisha kuvuka wakati mdogo alikuwa bado anapima kina cha maji.

Wala hakuachwa apime kwa raha. Mei 2025 Red Hat ilitoa toleo la kumi la mfumo wake wa makampuni bila seva ya X iliyozoeleka. Septemba ya mwaka huo GNOME ilitoa toleo la 49 likiwa limekwisha kuzima njia ya X kwa kawaida yake, na Novemba KDE ikatangaza kwamba kuanzia toleo la 6.8 eneokazi lake litakuwa la Wayland peke yake. Seva ya X haikufa siku hizo, na msimbo wake ungali wazi kwa yeyote mwenye nia ya kuutunza. Lakini nyumba ya ushirika ambayo wapangaji wakubwa wameihama huanza kuvuja paa, na anayebaki ndani yake hana budi kujifunza kuezeka peke yake au kutafuta pa kuhamia.

Hatua ya kwanza ya Xfce ilikuja katika toleo la 4.20, lililotoka tarehe 15 Desemba 2024 baada ya miaka miwili ya kazi. Karibu sehemu zote za eneokazi, ukanda, folda, mipangilio na picha ya nyuma, ziliwezeshwa kufanya kazi juu ya Wayland kwa majaribio. Zilifanikiwa kwa kutumia maktaba mpya iitwayo libxfce4windowing, ambayo hukaa kama mkalimani: sehemu ya eneokazi humwuliza mkalimani ni madirisha gani yaliyo wazi, naye hulipeleka swali kwa X au kwa Wayland kwa lugha inayofahamika huko, kisha hurudisha jibu kwa lugha moja. Mwenye kusomea tafsiri atavutiwa na fikira hii, na pengine atacheka pia akikumbuka makosa ya wakalimani. Sehemu moja tu haikuvuka, nayo ndiyo kubwa, msimamizi xfwm4. Aliyetaka kuijaribu Xfce juu ya Wayland alilazimika kuazima kompozita za watu wengine, kama labwc au Wayfire. Chombo kilielea, walakini juu ya mkuku wa kuazima.

Januari 2026 watunzi wa Xfce walitangaza uamuzi wao juu ya jambo lililosalia. Fungu kubwa la michango waliyopewa na wapenzi wa eneokazi hili litamlipa Brian Tarricone, mmoja wa mafundi wao wa miaka mingi, aandike kompozita mpya iitwayo xfwl4. Haitatokana na msimbo wa xfwm4. Itaandikwa kutoka mwanzo, katika lugha ya Rust, kwa kutumia matofali ya maktaba iitwayo Smithay. Na nia iliyotangazwa ni kwamba itende yale yale ambayo xfwm4 hutenda, kadiri tofauti za X na Wayland zitakavyoruhusu.

Uamuzi huu una mambo ya kujadiliwa, na msomaji asidhani kwamba kila asemaye kuandika upya ni mwenye hekima. Historia ya programu ina makaburi mengi ya watu walioubomoa ukuta uliosimama kwa sababu hawakupenda umbo la mawe yake, na walipojenga mpya wakagundua kwamba kila jiwe lenye umbo baya lilikuwa limewekwa pale kuziba tundu. Msimamizi wa madirisha aliyeishi zaidi ya miaka 20 amejaa mawe ya namna hiyo. Kuna programu kongwe ambayo dirisha lake hutaka kukaa mahali fulani. Kuna kioo cha pili kinachochomolewa ghafla. Kuna mtu anayependa kubonyeza fremu kwa kitufe cha kati cha kipanya na hakuna anayejua kwa nini. Yote haya yamo katika msimbo wa zamani kama mazoea yalivyo katika mikono ya mzee, na hayakuandikwa mahali pengine.

Lakini watunzi hawakuanza na kubomoa. Kwanza walijaribu kumfundisha xfwm4 wa zamani kusema X na Wayland pamoja, nao walirudi nyuma walipoona kwamba fikira za X zimesukwa katika kila uzi wake, hata haikuwezekana kuzichomoa bila kukiharibu kitambaa. Kila rekebisho lililofanywa kwa ajili ya Wayland lilikuwa na hatari ya kuwaletea kasoro wale wasioitaka Wayland. Kwa kuandika kompozita ya pembeni, xfwm4 hubaki salama kwa watu wa X, na xfwl4 hupata uhuru wa kukosea bila ya kosa lake kumwangukia mtu aliyelala. Hoja hii ina nguvu kuliko ile ya uzuri wa lugha ya Rust, ijapokuwa Rust nayo ina faida yake: huyakataa tangu mwanzo makosa mengi ya kumbukumbu ambayo katika lugha ya C huweza kukaa miaka yakisubiri siku ya kuangusha programu.

Katika nia zilizotangazwa imo moja ambayo wasomi wa lugha wataipenda kuliko mafundi. Mipangilio ya sasa ya msimamizi, pamoja na madirisha yake ya kuchagulia, imekusudiwa itumike vile vile na kompozita mpya. Yaonekana ni jambo dogo. Lakini kila neno lililo katika menyu za Xfce hutafsiriwa na watu wa kujitolea katika lugha zao, na neno la menyu hufa pale menyu yake inapofutwa. Watu wa Afrika Mashariki wana sababu ya kulijua hili. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ambao Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki, ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili, baada ya kazi kubwa ya kutafuta istilahi kwa vitu ambavyo havikuwa na majina. Miaka sita baadaye, mwaka 2010, wajenzi wa OpenOffice yenyewe waligawanyika, na wengi wao wakaenda kujenga LibreOffice. Hakuna aliyekusudia kuwaudhi watafsiri, walakini mkuku ulipohama ilibidi maneno nayo yahamishwe, na maneno hayahami yenyewe.

Kuna jambo jingine linaloonyesha kwamba watu hawa wana masikio. Katika toleo la 4.16 la mwaka 2020 waliyabadilisha madirisha ya mipangilio, wakaunganisha fremu ya juu na vitufe kuwa kitu kimoja kwa mtindo uliokuwa ukisifiwa katika GNOME. Wapo waliofurahi. Wengi miongoni mwa wapenzi wa Xfce walinung'unika, kwa kuwa waliichagua Xfce hasa kwa sababu fremu zake zilikuwa sawasawa kila mahali. Toleo la 4.18, Desemba 2022, lilileta chaguo la kuuzima mtindo huo. Katika toleo hilo hilo Thunar, programu ya folda iliyopewa jina la mungu wa radi wa Wajerumani wa kale, ilipata uwezo wa kutengua kosa: mtu aliyelihamisha faili mahali pasipofaa aliweza kulirudisha kwa kubonyeza vitufe viwili. Maeneokazi makubwa yalikuwa na uwezo huo zamani. Hapa ndipo anayeipenda Xfce anapaswa kukiri kwamba wepesi wakati mwingine limekuwa ni jina la heshima la upungufu wa mikono, na kwamba si kila kilichokosekana kilikosekana kwa hekima.

Limebaki swali la uzito, na hili ndilo linalorudi moja kwa moja katika nyumba ya mwalimu wa Tanga. Chini ya X, kuunganisha picha za madirisha ni kazi ya hiari. Yule binti aliingia katika mipangilio, akaondoa alama katika kisanduku kimoja, na xfwm4 akaacha kuchora vivuli na uangavu. Kadi dhaifu ikapumua. Chini ya Wayland kisanduku hicho hakiwezi kuwako kwa maana ile ile, kwa sababu kompozita ndiye seva, na kumzima kompozita ni kukizima kioo. Vivuli vyaweza kuachwa, lakini kazi yenyewe ya kuunganisha picha haiachwi. Katika kompyuta za miaka ya karibuni kazi hiyo haihisiwi, na huenda mambo yakawa mororo zaidi, kwa kuwa picha hazikatiki katikati ya kioo dirisha likisogezwa. Katika kompyuta kongwe, zenye kadi za michoro ambazo hakuna anayezitunzia tena programu zake, jibu litapatikana kwa kupima na si kwa kuahidi.

Wala kompyuta hizo si chache wala si za maskini tu. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikoma kuitunza Windows 10 kwa bure na kwa wote kama ilivyokuwa, na Windows 11 huzikataa mashine nyingi zilizo nzima kwa sababu prosesa zao ni za kabla ya miaka fulani au hazina kijisanduku cha usalama kinachotakiwa. Mashine kama hizo huuzwa kwa bei ya chini huko zilikotoka, na nyingine huvuka bahari zikauzwa tena katika maduka ya Nairobi na Dar es Salaam. Kwa mnunuzi wake eneokazi jepesi si jambo la ladha. Ndilo litakaloamua kama fedha yake imepata kompyuta au imepata sanduku. Hata Linux yenyewe haikuwangoja wote. Debian 13, iliyotoka tarehe 9 Agosti 2025, iliacha kutoa njia ya kuiweka katika PC za biti 32, na sababu zake zilikuwa za kweli. Hakuna aliyefanya uovu. Lakini mstari ulichorwa, na mstari ukichorwa huwa kuna mtu upande wa pili.

Kwa hiyo maboresho yanayokuja ya Xfce yana mtihani wa ajabu. Programu nyingine husifiwa kwa kile kilichoongezwa. Xfwl4 itasifiwa ikiwa mtu atauwasha mtambo wake, atafungua dirisha, atalivuta pembeni kwa mkono uliozoea, na asitambue kwamba chini yake kila kitu ni kigeni. Kazi ya miezi na miaka, iliyolipwa kwa sadaka za watu wasiojuana, yaelekea kwenye siku ambayo hakuna atakayesema neno. Fundi wa kawaida hapendi kazi ya namna hii, na si ajabu kwamba wanaoikubali ni wachache.

Binti yule alipita kwa mwalimu wake mwishoni mwa mwezi, kama ilivyo desturi yake, kuangalia chombo na kukipa masahihisho ya usalama.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Kimelala salama, hakijanisumbua."

Alipomaliza kazi alimweleza, kwa maneno mepesi, kwamba kitu kilicho chini ya madirisha yake kinatengenezwa upya huko Ulaya na Marekani, na kwamba siku moja, si mwaka huu, itambidi amwekee hicho kipya.

"Nitakuta kimebadilika nini?" mwalimu aliuliza.

"Wakifaulu, Mwalimu, hutakuta kitu."

Mwalimu alifikiri kidogo, kisha akakionyesha kioo kwa kidole. "Na ile alama uliyoiondoa siku ile, ya vivuli, nayo itakuwapo?"

Binti alianza kujibu, akasita. Akasema atajaribu kwanza katika kompyuta kuukuu iliyoko shuleni kwake, inayolingana na ile, na kwamba mpaka atakapokuwa ameona kwa macho yake hatagusa kitu. Kisha aliomba kile kijiti kilichofungwa katika kitambaa, akanakili faili zote za maneno ya baharini katika kompyuta yake mwenyewe, akaifungua moja kuhakikisha kwamba inasomeka, na kukirudisha kijiti kabatini.